Kufunga Kula kwa Ajili ya Tumbo: Maswali Ninayoulizwa Kila Wiki

Mimi ni nesi. Nilianza kazi kwenye kituo cha afya wilayani Rungwe, na sasa niko Uyole, Mbeya. Maswali haya nayapokea dirishani pa dawa, nje ya kanisa baada ya ibada, hata ndani ya daladala nikirudi kutoka Mwanjelwa na kapu langu la mboga. Nimeyaandika jinsi watu wanavyoyauliza. Ninaposema kufunga hapa nina maana ya kuacha chakula kwa makusudi huku unakunywa maji. Pale ninapozungumzia kufunga bila maji, yaani kavu, nitasema.

Sista, kufunga kunatibu vidonda vya tumbo?

Hapana. Naanza na hili kwa sababu ndilo linaloumiza watu wengi.

Vidonda vingi vya tumbo vinasababishwa na bakteria anayeitwa H. pylori. Zamani hata madaktari waliamini ni mawazo, pilipili na asidi tu. Mwaka 1982, kule Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walimtambua bakteria huyu kwenye matumbo ya wagonjwa. Marshall hakuaminiwa, na mwaka 1984 akanywa mwenyewe maji yenye bakteria hao, akaugua tumbo. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Bakteria huyu anajificha chini ya ute unaofunika ukuta wa tumbo, na anatengeneza kinga yake dhidi ya asidi. Ukikaa na njaa siku 3 au siku 7, yeye hafi.

Sababu kubwa ya pili ni dawa za maumivu: diklofenaki, ibuprofeni, aspirini. Mtu amelima viazi, mgongo unauma, ananunua vidonge dukani, anameza wiki nzima, halafu anashangaa tumbo linawaka. Huyo cha kwanza ni kuacha vidonge hivyo.

Jambo jingine watu hawaambiwi: asidi inaendelea kutoka hata usipokula. Mwenye kidonda kwenye utumbo wa mwanzo, pale chakula kinapotokea tumboni, mara nyingi huamshwa na maumivu usiku tumbo likiwa tupu, akila kidogo anatulia. Ukimwambia huyo afunge, umemwongezea mateso.

H. pylori anatibiwa kwa antibayotiki za aina mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi kama omeprazoli, kwa kawaida siku 14. Maliza dozi yote. Na kama umeshatibiwa, usirudie kipimo cha damu ili kujua kama umepona, kwa sababu kinga inayopimwa kwenye damu inaweza kubaki muda mrefu baada ya bakteria kufa. Omba kipimo cha choo, wiki 4 au zaidi baada ya kumaliza antibayotiki, na uwe umeacha omeprazoli kwa wiki 2.

Mbona mimi nilifunga siku 3 na maumivu yakaisha?

Nakuamini. Nimeona wengi. Ila tujiulize ni nini hasa kiliisha.

Ulipoacha chakula uliacha na chai ya rangi vikombe vinne kwa siku, pombe ya ulanzi au komoni, sigara, na pengine vile vidonge vya mgongo. Chochote kati ya hivyo kinaweza kuwa ndicho kilichokuwa kinakuumiza. Kama una kidonda ndani ya tumbo lenyewe, au mawe kwenye mfuko wa nyongo, maumivu huchochewa na kula, hivyo usipokula yanatulia, lakini kidonda kiko palepale na jiwe liko palepale. Isitoshe, maumivu ya vidonda huja na kuondoka yenyewe kwa vipindi.

Nafuu hiyo ni habari muhimu, usiitupe. Ukifika kwa daktari mwambie: "Nisipokula nakaa vizuri, nikila baada ya nusu saa panauma hapa," na uonyeshe kwa kidole. Sentensi hiyo moja itamfikisha mbali kuliko kusema tumbo linasumbua.

Ndani ya tumbo kunatokea nini mtu akifunga?

Chakula kizito hutoka tumboni kwa muda wa saa 4 hivi. Kikishatoka, tumbo na utumbo mwembamba huanza kazi ambayo wengi hawaijui: mawimbi ya misuli yanayofagia mabaki kutoka juu kwenda chini, takriban kila baada ya dakika 90 hadi saa 2. Ile ngurumo unayoisikia ukiwa na njaa, sehemu yake ni ufagio huo unapita. Ukitia kitu mdomoni, unasimama.

Kwa hiyo mtu anayetafuna kutwa, karanga kidogo, andazi, chai, muhogo, chai tena, hampi ufagio nafasi. Hapo ndipo ninapouona ukweli katika maneno ya wazee kwamba tumbo nalo linahitaji kupumzika.

Sukari iliyohifadhiwa kwenye ini huisha baada ya siku moja hivi, mwili ukageukia mafuta, na pumzi huanza kunuka tofauti. Lakini ukuta wa utumbo hujitengeneza upya kila baada ya siku chache, kama 3 hadi 5, na unajengwa kwa chakula. Ukikaa na njaa muda mrefu unakuwa mwembamba na dhaifu.

Wengine hunitajia habari ya seli kujila na kujisafisha. Ni kweli, Yoshinori Ohsumi wa Japani alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kazi hiyo. Aliifanya kwa kuchunguza hamira. Kutoka kwenye hamira hadi kwenye kidonda chako ni safari ndefu.

Basi kufunga kunamsaidia nani?

Kwanza mwenye kiungulia. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba baridi inauma, watu wanakula saa 3 usiku, ugali wa moto na maharage mlima mzima, kisha moja kwa moja chini ya blanketi. Asidi inapanda hadi kooni. Huyu namwambia amalize kula saa 12 jioni, asitie kitu tena isipokuwa maji hadi saa 1 asubuhi. Hizo ni saa 13, na sehemu kubwa amelala. Pia aweke matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, sentimita 15 hadi 20, na alalie ubavu wa kushoto. Mito miwili haitoshi, inakunja tumbo tu. Wengi wanaofuata haya hulala vizuri ndani ya wiki 2.

Pili, mwenye utumbo mwepesi wa kukasirika: vipimo vyote safi, lakini tumbo linajaa, linanyonga, leo anaharisha kesho choo kigumu. Mwaka 2006 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya wagonjwa wa namna hii waliofunga siku 10 kisha wakarudishwa kwenye chakula polepole kwa siku 5. Maumivu, kujaa na kuharisha vilipungua kwa wengi. Sasa sikiliza: walikuwa hospitalini, wanaangaliwa kila siku, na idadi yao ilikuwa ndogo. Hiyo hainipi ruhusa ya kukwambia ukajifungie chumbani, hapa Mbeya mtaa wa Soweto au Isanga, siku 10 peke yako. Kwa mtu wa nyumbani, zile saa 12 au 13 za usiku na milo mitatu bila kudokoa katikati ndiyo kiasi ninachokiamini.

Hospitalini pia tunafungisha: kabla ya upasuaji, kabla ya kipimo cha kamera, au utumbo unapoziba. Huko mgonjwa anapewa maji ya mshipa na kuna anayemwangalia.

Maharage yananijaza gesi hadi aibu. Nifunge?

Usifunge kula, funga maharage kwa muda. Au yapike tofauti kwanza: loweka usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya, yakichemka mwaga tena, halafu ndipo uyaivishe. Sukari inayoleta gesi huondoka kwa kiasi na maji hayo.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, walitengeneza utaratibu wa kuondoa kwa wiki 2 hadi 6 vyakula vinavyochachuka utumboni, kisha kurudisha kimoja kimoja. Ukiangalia orodha yao utaona jikoni kwetu: maharage, vitunguu, ngano, maziwa mabichi, maembe, parachichi. Inauma kumwambia mtu wa Rungwe aache parachichi wakati linaanguka mlangoni kwake, lakini ni kwa muda tu. Wali, viazi mviringo, mayai, karoti na samaki havina shida kwa wengi.

Maziwa yana habari yake. Watu wazima wengi wa huku hawana tena uwezo wa kuvunja sukari ya maziwa. Jaribu mgando. Wengi wanaoteswa na maziwa fresh hunywa mgando bila tatizo.

Tumetangaziwa maombi ya siku 7 kavu. Nina vidonda. Nifanyeje?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na mimi mwenyewe ni mtu wa maombi, kwa hiyo nalijibu kwa heshima. Kavu siku 7 usifanye, uwe na vidonda au usiwe navyo. Bila maji mwili hauna siku hizo. Figo zinaweza kugoma kabla wiki haijaisha.

Nenda kwa mchungaji wako umwambie ukweli. Danieli na wenzake walikula mboga na maji siku 10, na hakuna aliyesema hawakufunga. Unaweza kuacha nyama, chai na sukari, ukala uji na mboga saa za dawa, na maombi yakaendelea. Kwa Waislamu mlango uko wazi zaidi: mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine. Kama daktari amekuruhusu Ramadhani, mwulize dawa zipi zihamie daku na zipi zihamie futari. Usipange mwenyewe, na usiache ARV wala dawa za TB hata siku moja kwa sababu ya kufunga.

Nani asifunge kabisa?

Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, mzee aliyedhoofu, aliyekonda bila sababu, mwenye selimundu kwa sababu ukosefu wa maji unamwamshia maumivu, mwenye ugonjwa wa figo, na yeyote aliyewahi kutapika damu. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi asifunge bila daktari, maana sukari ya damu inaweza kushuka chini ya 4 (milimoli kwa lita) usiku watu wamelala. Akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, mpe maji ya sukari papo hapo kama bado anameza, hata kama alikuwa ameweka nadhiri.

Mtoto anaharisha. Bibi yake anasema tumbo lipumzishwe.

Mama, mnyonyeshe sasa hivi. Usimpumzishe. Mtoto anayeharisha hafi kwa kula, anakufa kwa kukauka. Maziwa ya mama yaendelee, na anayekula aendelee kula kidogo kidogo. Mpe ORS na zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku kwa aliyefikisha miezi 6, miligramu 10 kwa aliye chini yake. Kama ORS haipo, lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote vya kusawazisha, ukiwa njiani kuja zahanati. Macho yakizama, akishindwa kunywa, au kukiwa na damu kwenye choo, usisubiri kupambazuke.

Njaa inaua minyoo? Na taifodi?

Haiui. Minyoo wengi wa kawaida wanaisha kwa albendazoli. Taifodi inataka antibayotiki, na ikiachwa inaweza kutoboa utumbo.

Vipi dawa za kusafisha tumbo zinazouzwa kwa spika stendi?

Nyingi ni dawa za kumfanya mtu aharishe, zenye jina jipya. Unaona maji mengi yametoka unadhani ni sumu. Ni maji yako na chumvi zako za mwili. Tulimpokea kijana mmoja, utingo wa malori ya Tunduma, aliyeuziwa chupa na kuambiwa anywe huku amefunga siku 5. Aliletwa amebebwa, miguu haina nguvu, moyo unaruka mapigo. Utumbo haupigwi deki. Unajisafisha wenyewe kama nilivyoeleza.

Nikimaliza kufunga nifungue na nini?

Hapa tukae kidogo, kwa sababu nimeona watu waliofunga salama wakaumia siku ya kufungua.

Mama mmoja alimaliza siku 7 za maji Jumapili. Nyumbani walikuwa wamempikia makande yenye karanga na kuna soda kubwa mezani. Alikula kwa furaha, watu wote wanamwangalia. Saa 2 usiku tumbo gumu kama ngoma, anatapika, mapigo ya moyo mbio. Tulimlaza siku 3.

Ukikaa bila chakula siku nyingi, fosfati, potasiamu na magnesiamu mwilini vinapungua kimyakimya. Ukirudisha wanga na sukari kwa ghafla, insulini inapanda na kusukuma kile kidogo kilichobaki ndani ya seli, damu inabaki tupu, na moyo unaweza kusimama. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia madaktari waliona mateka waliokuwa wameshindishwa njaa wakiokolewa, kisha wakifa baada ya kulishwa. Hatari hii inaanza kuhesabiwa mtu akifika siku 5 hivi bila kula, na ni kubwa zaidi kwa mwembamba na mnywaji wa pombe. Aliyefika huko afunguzwe na mhudumu wa afya.

Kwa aliyefunga siku 1 au 2, mimi hupika hivi. Mchele wa Kyela kiganja kimoja, maji lita moja na nusu, moto mdogo. Usiondoke. Koroga hadi punje zipasuke na maji yawe meupe mazito. Chuja kwa kichujio cha chai, weka chumvi chembe tu, hakuna maziwa, hakuna sukari. Acha upoe mpaka kikombe ushike kwa mikono miwili bila kuungua. Kunywa nusu kikombe kwa kijiko, weka chini, subiri saa nzima. Tumbo likikaa kimya, nusu nyingine. Jioni, kiazi mviringo kimoja cha kuponda na mchuzi mwepesi wa karoti. Siku ya pili wali laini na yai. Maharage, nyama, kabichi na ugali wa dona vingoje siku ya tatu.

Mawe ya nyongo je?

Kufunga sana kunayatengeneza. Mfuko wa nyongo hukamuliwa na chakula. Usipokula siku nyingi nyongo inatuama na kuganda. Na zile bakuli za mafuta na ndimu hazitoi mawe. Vinavyotoka chooni ni mafuta yaliyogeuka sabuni.

Kuna hospitali duniani zinazofungisha wagonjwa kama tiba?

Zipo. Daktari Otto Buchinger alifungua ya kwake Ujerumani mwaka 1920, na wagonjwa huko hawakai na maji matupu, wanapewa supu ya mboga iliyochujwa na juisi. Watu hupenda pia kunitajia Angus Barbieri wa Scotland aliyekaa siku 382 bila chakula mwaka 1965 na 1966. Alikuwa mtu mnene sana, alipewa vitamini na chumvi za mwili, na madaktari walimpima damu mara kwa mara. Usijilinganishe naye.

Chakula kinanikwama kooni, nafunga ili koo lipone.

Nilikuwa na baba mdogo Tukuyu, mkulima wa chai. Chai yake aliinywa ikitoka jikoni, inafuka, akisema ya uvuguvugu ni ya wagonjwa. Siku moja ugali ukakwama. Akahamia kwenye uji. Uji nao ukaanza kukwama, akasema ni tumbo limechoka, akafunga Jumatano na Ijumaa, na kila siku ya kufunga alijisikia vizuri kwa sababu hakukuwa na cha kukwama. Miezi mitano. Mimi nilikuwa masomoni, niliporudi mkanda wake ulikuwa na matundu mapya matatu yaliyotobolewa kwa msumari. Ilikuwa saratani ya umio, na haikuwa tena ya kukatwa.

Ukanda huu wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia kushuka hadi Afrika Kusini, una saratani hii kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitaja vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 kuwa huenda vinachangia. Acha chai ipoe dakika chache. Na chakula kikikwama zaidi ya wiki 2, usifunge. Nenda hospitali ya rufaa ukaombe kipimo cha kamera.

Hali kadhalika ukiona choo cheusi kama lami chenye harufu kali, matapishi kama unga wa kahawa, macho ya njano, kukonda bila kujua sababu, au maumivu yaliyoanza ghafla na tumbo limekuwa gumu kama ubao. Haya si mambo ya kufunga. Ni ya leo.

Nimeelewa. Nataka kuanza kwa usalama, nifanye nini kesho?

Kesho usifunge. Nunua daftari. Kwa siku 14 andika saa uliyokula, ulichokula, saa maumivu yalipoanza, yalikuwa wapi, na choo kilikuwaje. Andika na kila kidonge ulichomeza, hata Panadoli. Halafu pima H. pylori. Kama hakuna alama ya hatari na wewe si kati ya wale niliowataja kwamba wasifunge, anza kukaa zile saa 12 za usiku bila kula kwa wiki 2 nyingine, ukiendelea kuandika.

Juzi dada mmoja wa Mbalizi aliniletea la kwake. Amefunga mara sita mwaka huu kwa sababu ya tumbo. Tulikaa kwenye benchi tukalifungua pamoja, na kila ukurasa wenye maumivu ulikuwa na maziwa ya asubuhi. Alikuwa hajawahi kuyaandika mahali pamoja. Sasa anakunywa mgando, na Alhamisi ijayo anarudi na daftari.